Indiketa za kukimbia kwenye gari la zamani: mota, moduli, paneli ya LED au ya kujiundia?

Simama nyuma ya Ford Thunderbird ya mwaka 1965, dereva awashe indiketa ya kulia. Taa ya ndani itawaka kwanza, ya kati itafuata, kisha ya nje, halafu zote tatu zitazimika kwa pamoja na kuanza upya. Siku hizi magari mapya mengi hufanya hivyo na hakuna anayegeuza shingo. Mwaka ule ilikuwa ajabu, na ajabu yenyewe ilitoka kwenye mota ndogo iliyofichwa ndani ya buti: inazungusha kamu tatu (vigurudumu vyenye nundu) taratibu, kila kamu inabonyeza swichi yake. Mercury Cougar ilitoka nayo mwaka 1967, Shelby Mustang zikaichukua, na Imperial ya 1969 ikawa nayo pia. Baadaye mtindo ukapoa, hadi Mustang ya 2010 ilipoufufua.

Anayetaka kuzitia kwenye gari lake la zamani leo ana njia nne: kufunga mtambo wa mota kama ule wa kiwandani, kuweka moduli ya kielektroniki inayoendesha balbu za kawaida, kubadilisha tumbo lote la taa kwa paneli za LED, au kujiundia saketi yake mwenyewe. Zote nne zinaifanya taa ikimbie. Zinapotofautiana sana ni pale ambapo video za kujisifia hazifiki: zinafanya nini mguu ukiwa kwenye breki.

Nimesaidia kufunga mifumo hii kwenye magari machache, na kufungua iliyofungwa vibaya kwenye mengi zaidi. Kwa hiyo nitaanza na vigezo, kisha kila njia ipimwe kwa vigezo hivyohivyo.

## Vigezo vya kupimia

Breki. Kwenye magari mengi ya Marekani ya miaka ya 1950 hadi 1970, taa nyekundu ya nyuma hufanya kazi tatu. Balbu yake, mara nyingi ile ya namba 1157, ina nyuzi mbili ndani. Uzi dhaifu ni wa taa ya usiku. Uzi mkali ni wa breki na pia wa indiketa. Waya wa breki haushuki moja kwa moja kwenda nyuma. Unapitia kwanza kwenye swichi ya indiketa iliyo kwenye nguzo ya usukani, na hapo unagawanyika kushoto na kulia. Ukiashiria kushoto, swichi inaukata upande wa kushoto kutoka kwenye breki na kuuunganisha na flasha, kile kidude kinacholia tik-tak chini ya dashibodi. Upande wa kulia unabaki na breki yake.

Maana yake ni kwamba waya mmoja unaofika nyuma kila upande umebeba habari mbili. Kifaa chochote kilichokaa kwenye buti kinapopata umeme kupitia waya huo, katika ile sehemu ya kwanza ya sekunde hakina njia ya kujua kama ni mguu umekanyaga au ni mkono umeashiria. Kikidhani ni indiketa, breki zako zitawaka kwa foleni. Magari mengi ya Ulaya na Japani yametenganisha indiketa ya rangi ya machungwa na taa ya breki, na mwenye gari la namna hiyo anaweza kupumua: nusu ya matatizo ya makala hii hayamhusu.

Idadi ya vyumba vya taa. Taa ikimbie wapi kama kuna balbu moja tu kila upande? Vyumba vitatu vilivyopangwa kwa mlalo ndiyo hali nzuri zaidi. Viwili vinawezekana, ila huonekana kama mtu anayekonyeza jicho. Kimoja kinakulazimisha kutumia LED, au kukata bati, jambo ambalo sitalipendekeza kwa mtu yeyote ninayemtakia mema.

Umeme. Mambo matatu: ni volti ngapi, ni ncha gani ya betri iliyofungwa kwenye bodi, na ni ampea ngapi zinapita. Volkswagen Beetle nyingi za kabla ya 1967 zina volti 6. MGB zilifunga ncha chanya kwenye bodi hadi mwaka huohuo wa 1967. Vifaa vingi vya kielektroniki vinavyouzwa vinataka volti 12 na ncha hasi kwenye bodi, na ukikosea ncha, kifaa hakitakulalamikia, kitaungua tu. Kuhusu ampea, uzi mkali wa balbu ya 1157 unakula takriban 2.1. Balbu tatu upande mmoja ni zaidi ya 6, na ukikanyaga breki pande zote mbili zinafika 12 na ushei. Swichi ya usukani iliyoundwa kubeba balbu moja kila upande haitavumilia mzigo huo kwa muda mrefu.

Kurudisha nyuma. Je, ukichoka nayo, au ukimuuzia mtu anayetaka gari lililo kama lilivyotoka kiwandani, unaweza kung'oa kila kitu bila kuacha tundu wala waya uliokatwa?

Sheria. Kila nchi ina yake, na ukaguzi wa magari ya zamani mara nyingi una masharti ya peke yake, hivyo muulize mkaguzi kabla ya kufungua waleti. Kwa kupimia tu, chukua Kanuni ya 6 ya Umoja wa Mataifa. Inakubali indiketa za kukimbia kwa masharti: mwanga uende kutoka ndani kuelekea nje, taa iliyowaka ibaki inawaka hadi mwisho wa mwako huo, na safari nzima ikamilike ndani ya sekunde 0.2 tangu mwako uanze. Kasi ya kuwaka na kuzimika ni kati ya mara 60 na 120 kwa dakika. Sasa fikiria kwamba uzi wa balbu ya kawaida peke yake huchukua karibu hiyohiyo sekunde 0.2 kufikia mwanga wake kamili. Utaona mara moja kwa nini sharti hili linaelemea upande wa LED.

## Njia ya kwanza: mtambo wa mota na kamu

Inavyofanya kazi. Mota, gia za kupunguza mwendo, kamu tatu, swichi tatu. Hakuna cha kusoma wala cha kupanga. Ukiufungua unaona kila kitu kwa macho, na fundi yeyote aliyewahi kutengeneza mota ya waipa ataelewa kinachoendelea. Mwanga wake una ulaini wa pekee, kwa sababu balbu moja huwa bado inapanda wakati inayofuata inaanza. Na kuna mlio: mngurumo mdogo kutoka kwenye buti ambao wenye magari haya huupenda kuliko wanavyokubali kusema.

Breki. Ukiwa na mtambo pamoja na kifungu chake kamili cha nyaya na rilei zake (swichi zinazoendeshwa kwa umeme), breki si tatizo, kwa sababu waliouunda walilipanga hilo tangu mwanzo: ukikanyaga bila kuashiria, taa zote huwaka pamoja. Ukinunua mtambo pekee bila kifungu cha nyaya na kutaka kuuchomeka kwenye gari lingine, umejinunulia fumbo.

Umeme na kufunga. Volti 12 tu. Unataka vyumba vitatu kila upande. Nyuso za swichi hubeba mzigo wote wa balbu, hivyo huchomeka kidogokidogo kila siku. Grisi ya gia ikikauka, mwendo unakuwa mzito na indiketa inaanza kutembea badala ya kukimbia.

Kurudisha nyuma na matengenezo. Kwenye gari lililozaliwa nao, huu ndio wenyewe uhalisia. Hakuna cha kurudisha. Kwenye gari jingine ni upasuaji. Vipuri ni vya kuwinda, ingawa mtambo wenyewe unasafishika na kurekebishika kwa mkono, jambo ambalo huwezi kusema juu ya moduli iliyomiminiwa gundi.

Inamfaa nani. Mwenye Thunderbird, Cougar au Shelby ya miaka hiyo anayejali gari libaki lilivyokuwa. Zingatia tu kwamba Ford wenyewe waliuacha: magari yao yaliyokuja baada ya 1968 yalitumia kidhibiti cha transista kisicho na kitu kinachozunguka. Kwa hiyo ukiwa na Cougar ya 1970 na mtu akakuuzia mtambo wa mota kwa jina la "orijino", mwulize ni orijino wa gari la nani.

## Njia ya pili: moduli ya kielektroniki na balbu za kawaida

Inavyofanya kazi. Kisanduku kidogo kinakaa kati ya nyaya za gari na soketi za taa. Kinapokea umeme wa indiketa, kisha kinaugawa kwa zamu: ya kwanza, ya pili, ya tatu. Balbu hazibadiliki, lenzi hazibadiliki, na mwanga unabaki ule wa joto wa balbu ya zamani. Moduli nyingi huuzwa na plagi zinazoingia kwenye viunganishi vya gari fulani bila kukata kitu.

Breki. Hapa ndipo pa kutulia. Moduli ziko za aina mbili, na picha kwenye boksi haitakuambia ipi ni ipi.

Aina ya kwanza hutegemea ule waya mmoja wa kila upande. Inabahatisha. Zipo zinazowasha kwa zamu kila mara zinapopata umeme, na zikiona umeme umedumu zinaelewa kuwa ni breki. Zipo pia zinazolinganisha pande mbili: umeme ukifika kushoto na kulia kwa wakati mmoja, ni breki, washa zote. Hili la pili ni bora zaidi, lakini taa za hatari nazo hufika pande zote mbili kwa wakati mmoja, hivyo mwako wa kwanza wa hatari hautakimbia. Kwangu hiyo si hasara.

Aina ya pili ina waya wa ziada unaokwenda kuchungulia swichi ya breki yenyewe, kabla umeme haujafika kwenye usukani. Hii haibahatishi. Inajua. Kazi inaongezeka kwa sababu lazima upitishe waya kutoka kwenye pedali hadi kwenye buti, chini ya zulia, na zulia la gari la miaka 50 lina mambo yake. Fanya hivyo hata hivyo.

Jamaa yangu mmoja alifunga moduli ya kubahatisha kwenye gari lake la milango miwili. Jioni tukatoka, mimi nikiwa nyuma yake. Kila alipokanyaga breki taa zilifunguka kama pazia: ya ndani, ya kati, ya nje. Ilipendeza kweli. Tatizo ni kwamba nilikuwa natazama zinavyopendeza badala ya kupunguza mwendo. Kwa kilomita 80 kwa saa, sekunde 0.3 ni karibu mita 7, na mita 7 ndizo zilizokuwa kati ya bampa yangu na mwisho wa urafiki wetu wa miaka mingi.

Umeme na kufunga. Chagua moduli inayochukua umeme wa balbu kutoka kwenye waya wake wenye fyuzi, na kutumia waya wa indiketa kama ishara tu. Hapo swichi ya usukani inapumzika. Kinachofuata ni flasha. Ile ya zamani hufanya kazi kwa kipande cha chuma kinachopinda kikipata joto, na joto hilo linatokana na umeme unaokwenda kwenye balbu. Ukiondoa balbu za nyuma kwenye hesabu, haipati joto linalotosha, na indiketa inasinzia au inagoma kabisa. Dawa ni flasha ya kielektroniki. Ni kazi ya dakika chache, isipokuwa kama flasha imefichwa nyuma ya redio, na mara nyingi imefichwa nyuma ya redio.

Kuna suala la mwendo pia. Indiketa ikiwaka mara 90 kwa dakika, mwako mmoja na giza lake ni sekunde 0.67. Nusu ya hapo ndiyo mwanga, yaani sekunde 0.33 za kugawana vyumba vitatu: kila kimoja 0.11. Uzi wa balbu hauwahi kufika kileleni kabla wa jirani yake haujaitwa. Matokeo ni mwanga unaotiririka, na wengi wanaupenda, ila mchana wa jua kali chumba cha mwisho kinaweza kuonekana kama kimewaka kwa aibu. Moduli yenye kirekebisha mwendo inasaidia.

Kurudisha nyuma na matengenezo. Bora kuliko zote kwenye kigezo hiki. Chomoa plagi mbili, rudisha za zamani, gari liko kama lilivyokuwa. Ikifa, hutengenezi, unabadilisha. Chunga tu vile vibana waya vya plastiki vinavyouma waya uliopo bila kuukata: vinajeruhi nyuzi za shaba, unyevu unaingia, na miaka miwili baadaye mtu anatafuta hitilafu kwa machozi.

Inamfaa nani. Mwenye gari lenye vyumba vitatu kila upande, anayependa sura ya balbu, na asiyetaka kuacha alama.

## Njia ya tatu: paneli za LED

Inavyofanya kazi. Unafungua lenzi, unatoa balbu na wakati mwingine kioo cha kuakisi, unaweka ubao uliojaa LED unaofuata umbo la taa, unafunga lenzi. Akili ya kukimbia imo kwenye ubao wenyewe. Hii ndiyo njia pekee inayomwezesha mwenye chumba kimoja kipana kupata mkimbio halisi, kwa sababu ubao unaweza kugawanywa vipande vingi kadiri mtengenezaji alivyopenda.

Usiichanganye na balbu ya LED inayoingia kwenye soketi ya zamani. Taa ya zamani iliundwa kwa nukta moja ya mwanga iliyokaa mahali maalumu mbele ya kioo cha kuakisi, na balbu nyingi za LED hazimwagi mwanga kutoka nukta hiyo. Kuna zinazong'aa sana ukiwa umesimama nyuma kabisa, na kufifia ukisogea pembeni, ambako ndiko pikipiki huwa. Paneli, kwa kuwa LED zake zimetazama nyuma moja kwa moja na kuijaza lenzi yote, hukwepa kosa hilo kwa kiasi kikubwa. Rangi nayo ni muhimu: nyuma ya lenzi nyekundu weka LED nyekundu. Nyeupe itapoteza sehemu kubwa ya mwanga wake kwenye lenzi na kinachobaki kitaelekea uwaridi.

Breki. Faida ya LED hapa ni ya kweli: inafikia mwanga kamili papo hapo, wakati uzi wa balbu bado unapata joto. Kwa kilomita 100 kwa saa, zile sekunde 0.2 ni mita 5 na nusu. Lakini swali la waya mmoja wenye habari mbili liko palepale, na paneli nyingi zinabahatisha kama moduli zinavyobahatisha. Uliza kabla ya kununua: ubao una waya wa breki wa peke yake, au hauna? Muuzaji asiyeelewa swali amekujibu.

Umeme na kufunga. Mzigo unashuka hadi sehemu ndogo tu ya ule wa balbu, na hilo ni neema kwa nyaya zilizozeeka, swichi iliyochoka na dinamo isiyochaji vizuri gari likiwa limesimama kwenye foleni. Ubaya wake ni uleule wa flasha, na hapa unauma zaidi. Kuna wanaotatua kwa kufunga rezista za kula umeme ili flasha idanganyike. Rezista ya omu 6 kwenye volti 12.8 inageuza takriban wati 27 kuwa joto, na mguu ukikaa kwenye breki kwenye foleni ndefu, joto hilo halipumziki. Niliwahi kukuta moja imefungwa kwa tepu juu ya zulia la buti. Zulia lilikuwa limeanza kuwa kahawia. Badilisha flasha, achana na rezista.

LED pia ni umbea. Uvujaji mdogo wa umeme ambao balbu isingeuonyesha kamwe, LED itauonyesha kwa kuwaka kidogo usiku. Mara nyingi kisa ni ethi mbovu: kwenye magari haya umeme hurudi kupitia bati la taa, boliti na bampa, na kutu ikishajiweka hapo umeme unatafuta njia ya uchochoroni kupitia taa nyingine. Pitisha waya mpya wa ethi kutoka kwenye kila paneli hadi kwenye bodi, mahali palipokwanguliwa rangi hadi chuma king'ae.

Kurudisha nyuma na matengenezo. Inategemea paneli. Zinazofungwa kwa skrubu za lenzi hutoka bila kidonda. Zinazotaka ukate kioo cha kuakisi ni za ndoa ya kudumu. LED moja ikifa katikati ya ubao, ubao wote unaonekana kama umeng'oka jino, na mtengenezaji akiwa ameshaacha kuitoa, unanunua za pande zote mbili upya ili zifanane.

Inamfaa nani. Anayeendesha gari lake mara kwa mara kwenye barabara zenye magari mengi na anataka kuonekana; mwenye taa ya chumba kimoja; mwenye mfumo wa umeme dhaifu. Haimfai anayekasirika akiona mwanga wa mwaka huu ndani ya gari la mwaka 1966. Watu hao wapo, na kwa jicho langu wana hoja: LED haina ule mfifio wa mwisho, inakatika kama imepigwa panga.

## Njia ya nne: kujiundia

Inavyofanya kazi. Mikrokontrola ndogo (kikompyuta cha chipu moja), kama zile za Arduino au ndogo zaidi, transista za nguvu kwa kila taa, kishusha volti, fyuzi na kijisanduku kisichopitisha maji. Programu yenyewe ni mistari michache. Uzuri wake ni kwamba unaamua kila kitu: mwendo, mfifio, na hata kuiga upandaji wa balbu kwa kutumia LED. Ndiyo njia inayoweza kumpa mwenye volti 6 au mwenye ncha chanya kwenye bodi kitu ambacho madukani ni nadra, mradi ajue anachofanya.

Breki. Inaweza kuwa nzuri kuliko zote au mbaya kuliko zote. Nzuri, kwa sababu unachukua ishara ya breki unakotaka. Mbaya, kwa sababu programu hukwama, na ikikwama taa zako za breki hazipaswi kukwama nayo. Kanuni yangu ni moja: saketi ipangwe ili kifaa kikifa, umeme wa breki ufike kwenye taa wenyewe kupitia rilei iliyo katika hali yake ya kupumzika. Indiketa inaweza kupoteza mkimbio wake na hakuna atakayekufa. Ukishindwa kupanga hivyo, rudi njia ya pili bila aibu.

Umeme na kufunga. Umeme wa gari ni mchafu. Injini ikizunguka, volti zinapanda hadi 14 na zaidi, na kuna mishtuko ya ghafla inayofikia makumi ya volti mzigo mkubwa unapokatika au betri ikichomoka. Chipu iliyofanya kazi vizuri mezani kwa wiki nzima inaweza kufa siku ya kwanza barabarani. Weka kinga ya mishtuko kwenye mlango wa umeme, tumia viungo vilivyobanwa kwa koleo lake au kuunganishwa kwa lehemu na kufunikwa kwa mpira unaonywea kwa joto, na funga kisanduku mbali na bomba la ekzosi.

Kurudisha nyuma na matengenezo. Ukitengeneza kwa plagi, inatoka kirahisi. Matengenezo unayajua wewe peke yako, kwa hiyo chora mchoro wa nyaya na uubandike ndani ya buti. Mnunuzi wako ajaye, au wewe mwenyewe baada ya miaka 6, hatakumbuka waya wa zambarau ulikuwa wa nini.

Inamfaa nani. Anayefurahia kutengeneza zaidi ya kumaliza.

## Kabla ya kutoa gari barabarani

Chochote utakachochagua, mweke mtu kwenye usukani na wewe simama nyuma, mara moja mchana na mara moja usiku. Mwite kwa mpangilio huu: taa za usiku pekee, breki, kushoto, kulia, breki na kushoto, breki na kulia, hatari, hatari na breki. Kwenye "breki na kushoto", kushoto kukimbie na kulia kuwe imara bila kutikisika. Kwenye magari yenye waya mmoja, ya mwisho haitakuwa safi kamwe, na haikuwa safi hata kiwandani. Ukivuta trela, nyaya zake zichukuliwe kabla ya moduli, si baada yake, la sivyo taa moja ya trela itapata sehemu tu ya ujumbe.

## Kulingana na hali yako

Gari lako lilizaliwa na indiketa za kukimbia na bado lina mtambo wake: usafishe mtambo, utie grisi, usugue nyuso za swichi. Mtambo ukiwa umekufa kabisa na hulipeleki gari kwenye maonyesho ya uhalisia, moduli iliyoundwa kuingia kwenye plagi zilezile itakupa sura hiyohiyo. Mtambo wa zamani uhifadhi kwenye boksi, uende na gari.

Una vyumba vitatu kila upande, lakini kiwandani viliwaka kwa pamoja: moduli yenye waya wa breki ndiyo pa kuanzia, pamoja na flasha ya kielektroniki. Paneli za LED zifikirie kama unaendesha usiku sana au swichi yako ya usukani imeshaonyesha uchovu.

Una chumba kimoja, kipana: paneli, kama ipo iliyotengenezwa kwa umbo la taa yako. Kama haipo, ni kujiundia au kuacha.

Indiketa yako ni ya machungwa na imetengana na breki: chagua kwa macho yako. Hatari kubwa haipo, hivyo sura na bajeti ndizo zitasema.

Volti 6, au ncha chanya kwenye bodi: usinunue chochote kabla hujasoma maandishi ya nyuma ya boksi mara mbili. Wengi huishia kubadilisha gari zima kuwa volti 12 hasi kwa sababu nyingine, na indiketa hufuata baadaye. Huo ni mpangilio wa busara.

Na kama ethi zako zina kutu, soketi zina chaki ya kijani na taa ya usiku upande mmoja inafifia ukikanyaga breki, bado hujafika kwenye kuchagua. Anza na brashi ya waya na sandipepa.